Kasoro za Picha katika Kamera Ndogo ya Dijitali: Mfano wa Dagahaley

Wahenga walinena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ndivyo walivyo wapigapicha wengi: picha ikiharibika, lawama huiangukia kamera. Makala haya yanafafanua kasoro nne za kawaida, chanzo cha kila moja na tiba yake. Mfano ni Dagahaley, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 karibu na mji wa Dadaab, Garissa. Kambi hiyo imo jirani na ikweta, katika nchi kavu ya jua kali na vumbi jekundu. Aidha, picha ina uzito wake hapo. Jamaa wametawanyika, wengine wamefika hata Minneapolis, Marekani, na sura iliyopotea katika picha huenda isipatikane tena.

Kasoro ya kwanza ni uso kugeuka kivuli mbele ya anga inayong'aa. Kamera hupima mwanga wa mandhari yote, ikikisia kuwa wastani wake ni kijivu. Anga ikitawala picha, kamera hupunguza mwanga na uso hufifia. Kosa si la ngozi, bali la makisio. Ikumbukwe kwamba hata enzi za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo. Tiba ni kumhamishia mtu kivulini, mbali na anga. Au kuwasha flashi, yaani taa ya kamera, hata mchana. Au kuongeza kipimo cha mwanga hadi +1.

Kasoro ya pili ni madoa meupe ya duara katika picha za usiku. Hayo si majini. Ni chembe za vumbi zilizo karibu na lenzi, nazo humulikwa na flashi ambayo katika kamera ndogo hukaa ubavuni mwa lenzi. Tiba ni kusubiri vumbi litulie, au kuzima flashi na kutumia taa nyingine iliyowekwa kando.

Kasoro ya tatu ni picha kukosa ung'avu, hasa ndani ya hema. Mwanga ukiwa haba, kamera huupokea kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukitikisika kidogo tu picha huvurugika. Hapana budi kuegemeza viwiko, kubonyeza kitufe nusu hadi kamera ilenge, kisha kukimalizia taratibu.

Kasoro ya nne ni lenzi kukwama, haitoki wala hairudi. Aghalabu chanzo ni punje za mchanga zilizoingia katika mirija yake. Kinga ni bora kuliko tiba: kamera izimwe na kufungwa mfukoni kabla ya upepo kuvuma. Vumbi lililotua juu ya kioo lipeperushwe kwanza. Kulifuta kwa ncha ya shuka ni kukikwaruza kioo kwa mchanga wenyewe. Lenzi iliyokwama isilazimishwe kwa mkono.

Kwa ufupi, jua na vumbi havina hatia. Kamera hujua kupima mwanga tu. Haimtambui bibi aliyeketi mbele yake wala haijui picha yake inasubiriwa na nani. Hilo hulijua mpigapicha, naye ndiye apaswaye kuirekebisha kamera inapokosea.