Taa ya Injini na Mapafu ya Jirani (Sehemu ya Nne)

Habari za biashara ya masega ya magari, yaani kifaa cha kusafisha moshi wa injini, zimenirudisha kwenye jambo nililolipigia kelele miaka mingi. Gari linaingia gereji, masega yanakatwa kwenye bomba la moshi na kuuzwa kwa ajili ya platinamu, paladiamu na rodiamu iliyomo. Taa ya cheki injini ikiwaka, fundi anachomeka kifaa cha kusomea misimbo ya hitilafu, anafuta msimbo, na mwenye gari anaondoka ameridhika. Baada ya siku chache taa inawaka tena.

Wiki iliyopita tuliishia kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, ambamo kifaa hicho huchomekwa. Leo nataka tujue soketi hiyo ilizaliwa na nini, maana anayeijua historia yake hafuti msimbo ovyo.

Yote yalianza na hewa chafu. Mwezi Julai 1943 ukungu mzito uliokereketa macho na koo uliufunika mji wa Los Angeles. Vita vilikuwa vinaendelea, na wapo waliodhani Wajapani wamewarushia gesi ya sumu. Lawama zikapelekwa viwandani na kwenye majalala ya kuchomea takataka. Aliyelifumbua fumbo hilo ni Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha chuo cha Caltech, na ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza kinachoyapa mananasi harufu yake. Akaigeuzia elimu hiyohiyo hewa ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli na oksidi za naitrojeni zikipigwa na jua huzaa ozoni, ile inayopasua mpira na kuunguza mapafu. Wenye mafuta walimpinga, naye hakurudi nyuma. California ilipounda bodi yake ya hewa, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza. Huyo kwangu ni msomi wa kweli: elimu yake ilimfikia mpita njia asiye na gari.

Ili kuusafisha moshi wa magari, masega yakaanza kufungwa kwenye magari mengi ya Marekani ya mwaka 1975. Lakini nani angejua yamekufa? Ndipo California ikadai gari lijichunguze lenyewe, na kufikia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ikawa na soketi moja na misimbo ya aina moja. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Kwa hiyo taa ile iliwekwa kwanza kwa ajili ya hewa.

Tazama msimbo P0420, unaohusu masega. Sensa moja ya oksijeni hukaa kabla ya masega, nyingine baada yake. Ya kwanza hupanda na kushuka. Ya pili, masega yakiwa mazima, hutulia. Ikianza kuifuata ya kwanza, kompyuta huwasha taa. Hata hivyo bomba linalovuja au sensa mbovu huweza kuleta msimbo huohuo, basi angalia hayo kabla ya kuyahukumu masega.

Mengine kwa ufupi. Andika msimbo na vipimo vilivyohifadhiwa pamoja nao kabla ya kufuta chochote, kwani kufuta huondoa vyote. Ukipata P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi vizuri, hamishia koili ya silinda ya kwanza kwenye ya pili. Msimbo ukigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. P0171, yaani petroli ni kidogo kuliko hewa, mara nyingi huanzia kwenye mpira wa hewa uliopasuka. Taa ya injini ikimetameta, punguza mwendo na usimame, maana petroli isiyoungua inayachoma masega. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini mara moja. Hapo kifaa hakina kazi. Na magari ya zamani kutoka Japani huweza kuwa na soketi hiyo yasijibu kifaa cha bei rahisi.

Fundi akikushauri kutoa masega ili taa isikusumbue, mlipe ujira wake wa kupima, chukua funguo zako, uondoke.