Asteroidi 2024 YR4: Kwa nini hatari ilipanda kwanza, kisha ikashuka?

Februari 18, 2025, NASA ilisema uwezekano wa asteroidi 2024 YR4 kugonga Dunia mwaka 2032 umefika asilimia 3.1. Jiwe la kama mita 60 hivi linaweza kuharibu mji, kwa hiyo watu walishtuka. Ndani ya wiki moja tu, hatari ikawa karibu sifuri. Je, wanasayansi walikosea? Hapana.

Mwanzoni njia ya jiwe haijulikani vizuri, hivyo huchorwa ukanda mpana wa mahali linapoweza kupita. Kila kipimo kipya kiliupunguza ukanda huo. Dunia ilikuwa bado imo ndani, ikachukua sehemu kubwa zaidi yake, asilimia zikapanda. Ukanda ulipopungua tena, Dunia ikabaki nje.