Mabaki ya mashini yanakuza mbuzi, lakini kwa kipimo



Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, hapa Kivu ya Kusini majani yanakauka. Mbuzi mdogo aliyetoka kuacha ziwa anajaza tumbo kila siku, lakini hakui, juu majani yale ni magumu na protini imebaki kidogo. Mwezi wa tisa masomo yanaanza, mzazi anatafuta minervali, na mbuzi huyo anauzwa kwa bei ya huruma.

Lakini chakula cha kumsaidia kiko karibu na kwetu, na mara nyingi kinatupwa.

Mabaki gani?

Pumba za mchele ziko kwenye mashini za uwanda wa Ruzizi. Zikiwa safi zina protini karibu kilo 12 katika kilo 100. Mushike pumba mkononi: zikikwaruza, maganda ya mpunga ni mengi, musilipe bei kubwa. Zina mafuta, kwa hiyo zinachacha upesi. Munue za wiki mbili tu.

Masalio ya bia, yale wengi wanaita dreshi, yana protini nzuri, lakini yakiwa mabichi zaidi ya nusu ya uzito ni maji. Yanakaa siku mbili au tatu tu. Yakiota ukungu, mutupe.

Mashudu ya kokwa za ngazi, yanayobaki kisha kukamua mafuta, yanaongeza protini.

Maganda ya muhogo yanaleta nguvu, protini kidogo sana. Na hapa tuseme wazi.

Haikuwa sumu ya jirani

Kikundi kimoja kilituita: mbuzi wawili walihema kwa haraka, wakayumba, wakafa kabla ya saa sita. Watu walikuwa wamekwisha kumtaja jirani kwamba ametega sumu. Tuliuliza wamekula nini. Asubuhi walipewa beseni ya maganda mabichi ya muhogo mchungu. Sumu ilikuwa ndani ya maganda yenyewe. Jirani hakuwa na kosa.

Maganda yakatwe vipande vidogo, yaanikwe juu ya shitingi siku mbili au tatu za jua kali, yakigeuzwa, mpaka yavunjike mkononi. Mabichi, hapana.

Kipimo cha mbuzi 10 wenye kilo 12 mpaka 15, kwa siku

- Pumba za mchele: kilo 1
- Maganda makavu ya muhogo: nusu kilo
- Mashudu: nusu kilo
- Chumvi: kijiko kimoja cha kula

Ni gramu 200 kwa kila mbuzi. Mukikosa mashudu, muweke kilo 2 za masalio mabichi ya bia. Muwagawie mara mbili, asubuhi na jioni, kisha kula majani kwanza. Majani yanabaki chakula kikubwa; muongeze matawi ya lesena au kaliandra yaliyo kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko. Maji safi yasikosekane.

Musianze na kipimo chote. Wiki ya kwanza, mutoe robo. Ya pili, nusu. Ya tatu, chote. Tumbo la mbuzi linahitaji siku za kuzoea. Akila mabaki mengi kwa ghafla, tumbo linakuwa chachu, anaharisha au anavimba, na anaweza kufa. Wenye nguvu musiwaache wale sehemu ya wadogo: mutengeneze kihori kirefu, kila kichwa kipate nafasi.

Inalipa?

Mupime mbuzi kila wiki mbili, muandike ndani ya kaye ya koperativi uzito na pesa ya chakula. Mbuzi akiongeza gramu 50 kwa siku, kwa siku 30 ni kilo 1 na nusu. Mulinganishe bei ya kilo hiyo sokoni na pesa mulizotumia, pamoja na usafiri. Kama mashini iko mbali sana, mununue pamoja, gunia nyingi safari moja. Kama hata hivyo hesabu inakataa, muache pumba, mubaki na maganda makavu na matawi ya nyumbani.

Mwezi wa tano ndio wakati wa kupatana na wenye mashini. Mwezi wa saba, kila mtu atakuwa mlangoni kwao.