Mguu mmoja ukivimba baada ya safari, usiuchue

DADA yangu alishuka kwenye basi la Dar es Salaam asubuhi ya Jumamosi moja mwaka 2019, akiwa na marobota mawili ya vitenge na mguu wa kushoto usioingia tena kwenye kiatu. Alicheka. Alisema ni uchovu wa njia, kwani kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura kupitia Dodoma, Kahama na mpaka wa Kobero si mchezo. Mtu anakaa kwenye kiti mchana na usiku, na hanywi maji kwa kuogopa kumsumbua dereva asimame.

Jumapili mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Ulikuwa wa moto na ngozi imevutika. Jirani yetu wa Buyenzi alileta mawese ya moto na kumwita mama mmoja anayejua kuchua. Shemeji alisema hiyo ni miguu ya kutupiwa, kwani dada alikuwa amegombana na mtu kuhusu deni huko Kariakoo. Mimi, mwalimu wa familia, sikuamini uchawi, lakini nilifanya kosa ambalo lingeweza kumuua.

Kosa hilo lina historia yake. Mwaka 2011 nililazwa kwa malaria kali katika kituo kimoja cha afya. Nilitundikiwa dripu, ambayo hapa kwetu wengi huiita serumu. Kile kibomba cha plastiki kilibaki mkononi siku nyingi hata baada ya dawa kwisha. Mkono ukawa mwekundu, na mshipa ukakakamaa kama kamba chini ya ngozi. Nilimwambia muuguzi mara mbili, akajibu kitapoa. Siku iliyofuata nilipata homa na kutetemeka, na usaha ukaanza kutoka pale sindano ilipoingilia. Daktari wa hospitali niliyohamishiwa alikitoa kibomba papo hapo, akachukua damu ya kupima wadudu, akanianzishia viuavijasumu vya kuchoma kwenye mkono mwingine. Kwenye karatasi aliandika neno moja la Kifaransa ambalo nililisoma kama "flebiti". Nilipona.

Basi, Jumapili ile ya 2019 muuguzi mmoja jirani alipouangalia mguu wa dada na kusema kwa Kifaransa kuwa inaonekana ni flebiti, nilitulia. Nikasema ugonjwa huo naujua, uliwahi kunishika mkononi. Nikamwekea dada kitambaa cha maji ya moto na kumwambia alale, Jumatatu tutanunua dawa.

Mimi nilizaliwa Katumba, karibu na Mpanda, na shule zote nilisomea Tanzania. Tuliporudi mwaka 2008 nilianza kujifunza Kifaransa nikiwa mtu mzima. Kumbe katika Kifaransa cha hospitali za hapa, neno lile hutumika pia kwa bonge la damu lililoganda ndani kabisa ya mguu, wakati vitabu vya afya nilivyosoma Tanzania vilinizoesha kuliona kama mshipa wa juu uliowaka. Jina ni moja, lakini hatari haifanani hata kidogo.

Usiku huo dada alianza kuhema. Alisema kifua kinamchoma akivuta pumzi. Muuguzi yule yule ndiye aliyepiga kelele tumkimbize hospitali.

Nieleze sasa nilichojifunza, kwa sababu wengi wetu tuliorudi, na wengi wanaoishi kwa kuvuka mpaka, tuko kwenye mabasi hayo hayo.

Mishipa inayorudisha damu kwenye moyo iko ya juu na ya ndani. Ya juu huonekana kwenye ngozi. Ikiwaka na damu ikaganda humo, utaona mstari mwekundu, mgumu, unaouma ukiuguswa. Kama hakuna wadudu, viuavijasumu havihitajiki. Mgonjwa huwekewa kitambaa cha uvuguvugu, huambiwa atembee, ainue mguu anapokaa, na hupewa dawa ya maumivu kama ibuprofen. Lakini bonge likiwa na urefu wa sentimita tano au zaidi, au likikaribia kinena, linaweza kuingia kwenye mishipa ya ndani. Huyo apimwe, na mara nyingi hupewa sindano za kuzuia damu kuganda kwa siku 45.

Wadudu wakiingia, kama mkononi mwangu, mgonjwa hupata homa, baridi, na pengine usaha. Hapo jambo la kwanza ni kutoa kibomba, kisha viuavijasumu vya kwenye mshipa. Wachache huhitaji kupasuliwa. Kwa hiyo ukiwa umelazwa na mahali pa dripu panauma au pamekuwa pekundu, usione haya. Sema, na usipojibiwa sema tena kwa mwingine.

Bonge la mishipa ya ndani ndilo lililompata dada. Mguu mmoja huvimba, huuma hasa kwenye ndama, huwa wa moto. Kipande kikikatika husafiri hadi kwenye mapafu na kuziba njia ya damu. Dalili zake ni kuhema ghafla, kifua kuchoma, moyo kwenda mbio, kukohoa damu au kuzimia. Ndiyo maana kuuchua mguu wa namna hiyo ni hatari, kwani unaweza kulisukuma bonge lenyewe.

Mjerumani Rudolf Virchow aliandika juu ya jambo hili mwaka 1856, na hadi leo madaktari hutaja sababu tatu kwa jina lake: damu kutulia bila kutembea, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo takriban mara mbili, iwe kwa ndege, treni, basi au gari. Kwa mtu mzima wa afya hatari hubaki ndogo. Huongezeka kwa mjamzito, mama katika wiki sita baada ya kujifungua, aliyepasuliwa karibuni, mwenye saratani, mnene sana, anayetumia vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, na aliyewahi kuugua.

Jicho na mkono wa daktari havitoshi kuthibitisha. Kipimo kikuu ni ultrasaundi ya mguu, ambayo Bujumbura tunaiita ekografi. Daktari huubana mshipa kwa kile kifaa; ukikataa kubanika, kuna bonge ndani. Kipimo cha damu cha D-dimer husaidia kuondoa shaka kwa mtu mwenye dalili kidogo, lakini kikiwa juu peke yake hakithibitishi.

Dada alianzishwa heparini kwa sindano za tumboni, kisha vidonge vya warfarini. Dawa hizi haziyeyushi bonge. Hulizuia lisikue huku mwili ukilimaliza wenyewe, na kwa kawaida hutumika si chini ya miezi mitatu. Kwa warfarini lazima damu ipimwe mara kwa mara. Lengalenga na sombe si marufuku, ila usile nyingi leo na kesho uache kabisa. Usichanganye na aspirini wala diklofenaki ya dukani. Mjamzito hapewi warfarini, hupewa heparini. Siku hizi viko vidonge kama rivaroxaban visivyohitaji vipimo hivyo, lakini bei yake si ya kila mfuko.

Dada alimaliza miezi sita. Marobota ya vitenge yaliuzwa kulipa dawa, na mtaji ukaanza upya kwa mkopo wa kikundi. Leo anasafiri tena. Basi likisimama yeye ni wa kwanza kushuka, hata usiku wa manane. Akiwa kitini hukanyaga vidole na visigino kwa zamu, hunywa maji, na havuki miguu. Abiria humcheka. Naye huwaambia wamcheke tu, lakini wafanye.

Nami nimejifunza kuuliza. Daktari akinitajia ugonjwa kwa Kifaransa, namwomba aniambie kwa Kirundi au Kiswahili uko wapi mwilini, na unaweza kufika wapi. Hakuna aliyewahi kunikatalia. Jumapili ile sikuuliza, na nilikuwa mwalimu.