Kudai na Kudaiwa: Mzigo wa Ithibati katika Kitenzi Kimoja

Kitenzi kudai ni miongoni mwa vitenzi vinavyotumiwa sana katika taarifa za habari na, kwa bahati mbaya, miongoni mwa vile vinavyotumiwa kwa uzembe. Makala haya yanadhamiria kukifafanua, kisha kukipima kwa kesi za uchaguzi wa ugavana katika kaunti za Homa Bay na Migori, nchini Kenya, ambako dai moja lilibadilika hadhi mahakamani zaidi ya mara moja.

Asili ya kitenzi hiki ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuita. Mzizi huo huo ndio uliotupa dua, ambayo ni kumwita Mungu, na daawa, yaani shauri la mahakamani. Anayedai, basi, anaita: ama anaiita haki yake imrudie, ama anawaita watu wasadiki neno lake. Ndipo tunapopata matumizi mawili. Katika “Asha anamdai Juma shilingi mia tano” pana deni. Katika “Asha anadai kwamba Juma aliiba mbuzi” pana kauli ambayo haijathibitishwa. Kwa namna fulani kauli hiyo nayo ni deni, ila mwenye kulipa ni Asha mwenyewe, na malipo yake ni ushahidi. Fiqhi ya Kiislamu ina kanuni kongwe kuwa ushahidi ni juu ya mdai na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, nayo inamtwika mzigo huo yule anayetaka mahakama iamini jambo.

Ni muhimu kutambua kwamba kudai si kusingizia wala si kuzua. Vitenzi hivyo viwili vimekwisha kuhukumu kuwa lililosemwa ni uongo, ilhali kufichua na kubainisha vimekwisha kukubali kuwa ni kweli. Kudai husimama katikati. Hata hivyo, usawa huo huvurugika mwandishi anapoandika kuwa upande mmoja “ulidai” na mwingine “ulieleza”. Msomaji makini huona mara moja mwandishi ameegemea wapi, hata kama mwandishi mwenyewe hajui.

Utata mkubwa zaidi umo katika kauli ya kutendwa. “Juma anadaiwa” ni sentensi kamili, na maana yake ni kuwa Juma ana deni. Ukiongeza kitenzi kimoja tu, “Juma anadaiwa kuiba”, Juma hana tena la kulipa. Mwenye kuwajibika ni yule aliyesema. Lakini huyo aliyesema ametoweka katika sentensi, na Juma amebaki peke yake mbele ya wasomaji akiwa na sura ya mdeni. “Inadaiwa kwamba Juma aliiba” ni afadhali kidogo, maana Juma ameondolewa kwenye nafasi ya kiima, ingawa mdai bado hajulikani. Mwanafunzi wa Homa Bay au Rongo ambaye lugha yake ya kwanza ni Kijaluo ana sababu ya ziada ya kutatizika. Katika Kijaluo deni ni gowi na kushtaki ni donjo, maneno yasiyohusiana kabisa. Katika Kiswahili anakuta kitenzi kimoja kikibeba yote mawili.

Tutazame sasa kesi zenyewe. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, Oyugi Magwanga, aliyewania ugavana wa Homa Bay kama mgombea huru, alipinga ushindi wa Cyprian Awiti wa chama cha ODM. Hadi hapo “anadai” ndicho kitenzi sahihi, naye mdai anatajwa kwa jina. Mnamo Februari 2018 Mahakama Kuu ilibatilisha uchaguzi huo, na Julai mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Katika kipindi hicho aliyeandika “inadaiwa uchaguzi ulikuwa na kasoro” alikuwa amepitwa na wakati: mahakama haidai, mahakama huamua. Lakini Februari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua maamuzi hayo na kuidhinisha ushindi wa Awiti.

Migori ilikuwa imeonja hali kama hiyo mapema zaidi. Ushindi wa Okoth Obado wa mwaka 2013 ulipingwa na Edward Akong’o Oyugi. Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha mwaka 2014.

Je, baada ya hukumu ya mwisho inafaa kuandika kwamba walalamishi “walizua”? La. Dai lisilofaulu mahakamani halijageuka kuwa uzushi, kwa sababu uzushi huhitaji ithibati yake lenyewe, nao ni mzigo wa yule anayeutaja. Na je, inafaa kuendelea kuandika kwamba magavana hao “wanadaiwa” kushinda isivyo halali? Hilo pia halifai, kwa kuwa wakati uliopo unalifanya dai lionekane bado linasubiri jibu. Kinachofaa ni wakati uliopita na kiima kinachojulikana: Magwanga alidai, mahakama mbili zikamkubalia, ya tatu ikakataa. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko “anadaiwa”, nao wahariri hupenda vichwa vifupi.