Mgeni Ndani ya Kompyuta: Linux kwa Wanaochambua Lugha Zetu

Mwaka jana nilipoteza sauti ya bibi mmoja wa Kibua, pale Masisi na Walikale zinapokutana. Alikuwa amenisimulia ngano kwa Kinyanga karibu saa nzima, nami nilikuwa na nakala moja tu, ndani ya kompyuta yangu. Wiki iliyofuata nilitaka kuweka Linux kando ya Windows. Nilianza kuigawa diski sehemu mbili, betri ikaisha kazi ikiwa katikati, na kompyuta ilipowaka tena faili zote zilikuwa zimepotea. Kurudi Kibua kulishindikana kwa sababu ya usalama wa barabara. Nimebaki na daftari lenye maneno yasiyo na alama za toni, na katika lugha za toni kama Kinyanga na Kihunde, neno la namna hiyo ni nusu neno.

Kosa lilikuwa langu, na kulikuwa na njia ya kuliepuka. Naieleza hapa kwa sababu wengi kitivoni tuna kompyuta moja, na sauti za watu wetu zimo humo humo.

Kwanza, kwa nini Linux? Tunaochambua vitenzi vya Kibantu tunahitaji zana zinazoweza kukata neno kama *hawakutuambia* kuwa ha-wa-ku-tu-amb-i-a na kutaja kazi ya kila kipande. Njia hiyo ilipata msingi wake mwaka 1983, Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alipotoa nadharia yake ya mofolojia ya ngazi mbili. Huko huko Helsinki, Arvi Hurskainen aliitumia kwa Kiswahili. Leo zana huria kama Foma na HFST zinafanya kazi hiyo. Zinaweza kuwekwa kwenye Windows pia, lakini maelezo mengi na mifano mingi imeandikwa kwa mtu wa Linux. Kwenye Debian au Ubuntu, Foma inasakinishwa kwa amri moja: `sudo apt install foma`.

Sasa mashine pepe. Ni programu inayojifanya kompyuta. Inaufanya mfumo wa pili uamini kwamba una prosesa, kumbukumbu na diski yake, ilhali diski hiyo ni faili moja kubwa ndani ya diski yako. Windows ni mwenyeji, Linux ni mgeni. Mgeni akiharibu chumba chake, nyumba inabaki imesimama. Wazo lenyewe ni la zamani: IBM ilitoa VM/370 mwaka 1972 ili watu wengi watumie kompyuta moja kubwa, kila mmoja akiiona kama yake. Mimi natumia VirtualBox, ambayo hailipiwi. Wenye Windows mpya wanaweza pia kutumia WSL 2, ambayo nayo ndani yake ni mashine pepe.

Hatua ni hizi. Kabla ya yote, nakili sauti zako kwenye diski ya nje. Kisha ingia kwenye mipangilio ya BIOS uwashe uwezo wa mashine pepe (VT-x kwa Intel, AMD-V kwa AMD), kwani kwenye kompyuta nyingi umezimwa. Pakua faili la kusakinishia. La Debian la kuanzia halifiki GB 1, ingawa litavuta vifurushi vingine kutoka intaneti wakati wa kusakinisha, kwa hiyo hesabu salio lako. Kama kompyuta ina kumbukumbu ya GB 8, mpe mgeni GB 3. Ukimpa 6, mwenyeji atakosa pumzi na wote wawili watakwama. Diski ya GB 25 inayokua kidogo kidogo inatosha.

Kisha tengeneza folda ya pamoja ili mgeni azione faili za mwenyeji. Hapa kuna kisanduku kidogo ambacho wengi hukiruka: kinachofanya folda isomwe tu bila kuandikwa. Kiweke alama. Tangu nifanye hivyo, msimbo wangu unaweza kusoma kila sauti lakini hauwezi kufuta hata moja. Matokeo nayaandika kwenye folda nyingine.

Faida mbili nyingine nimeziona kazini. Umeme ukikaribia kukatika, unamlaza mgeni jinsi alivyo, na kesho anaamka pale pale, madirisha yote yakiwa wazi. Na kabla ya kujaribu kitu cha hatari unachukua picha ya hali: mambo yakiharibika unarudi nyuma kwa dakika chache. Lakini picha hiyo inakaa kwenye diski ile ile. Kompyuta ikiibiwa, inaibiwa nayo. Picha ya hali haichukui nafasi ya nakala ya nje.

Kuhusu toni, kuna mtego ambao nilikutana nao siku ya kwanza. Orodha yangu ya maneno ilihifadhiwa kwa UTF-8, lakini Python kwenye Windows yangu ilikuwa ikiisoma kwa usimbaji wa zamani, na kila *á* ikawa *Ã¡*. Linux ya leo inatumia UTF-8 bila kuhitaji kuambiwa, na tatizo likaisha. Mtego wa pili haumjali mwenyeji wala mgeni: *á* inaweza kuandikwa kama herufi moja, au kama *a* ikifuatwa na alama ya toni. Kwa jicho ni sawa; kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti. Nilipohesabu, neno moja lilitokea mara mbili kwenye orodha kwa sababu nilikuwa nimelichapa kwa kibodi mbili. Pitisha faili lote kwenye umbo moja, NFC au NFD, kabla ya kuhesabu chochote.

Haya yote hayatairudisha ngano ya Kibua. Nikifungua daftari langu leo, naweza kukata kila kitenzi vipande, lakini siwezi kusema ni silabi ipi bibi aliipandisha. Kwa hiyo anayetaka kuanza, faili la Debian ninalo na nimelihakiki. Aje na flashi. Aje pia na diski ya nje, na tutaanza kwa kunakili sauti zake.