Gari likichemka, usikimbilie kifuniko

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua la Februari limesimama utosini. Foleni ya magari yanayongoja feri upande wa Likoni haikuwa imesogea kwa zaidi ya nusu saa. Gari letu kuukuu lilikuwa katikati ya foleni hiyo, na watoto huko nyuma walikuwa wameanza kulalamikia joto. Ghafla sindano ya geji ya joto ikapanda hadi kwenye alama nyekundu. Mvuke ukaanza kufuka kutoka kwenye boneti.

Kabla sijateremka vizuri, kijana mmoja msamaria mwema alikuwa amekwisha kufika na mtungi wa maji ya kisima, mkono wake ukielekea kwenye kifuniko cha rejeta. Nilimzuia upesi. Kama angalikifungua, maji yale yangalimrukia usoni.

Kisa kama hiki si kigeni kwa wenye magari wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Wengi hudhani gari likichemka, dawa ni kuongeza maji tu. La hasha! Kuchemka ni dalili. Ugonjwa wenyewe uko kwingine, na mara nyingi unaweza kuutambua ukiwa nyumbani kabla ya kumwita fundi.

Hatari ya kifuniko

Maji ya kawaida huchemka yafikapo digrii 100 za Selsiasi. Kifuniko cha rejeta huyabana kwa nguvu, ndiyo maana yanaweza kupita kiwango hicho bila kutokota. Ukikifungua injini ikiwa moto, maji hugeuka mvuke papo hapo na kuruka juu. Kwa hivyo zima injini na usubiri angalau nusu saa, hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kuguswa bila kuunguza. Kisha funika kifuniko kwa kitambaa kizito na ukizungushe polepole. Usimimine maji baridi kwenye injini iliyo moto, maana chuma chaweza kupasuka.

Linachemka wapi?

Hili ndilo swali la kwanza la kujiuliza. Gari likichemka kwenye foleni ya feri au msongamano wa daraja la Nyali, lakini likapoa likishika mwendo, shuku feni. Gari likikimbia, upepo wa barabarani huipoza rejeta. Likisimama, hakuna upepo ila ule wa feni.

Ukiwa nyumbani, washa injini na uiache ingurume hadi ipate moto, huku ukiitazama geji. Ikiwa feni ni ya umeme na sindano inazidi kupanda bila feni kuzunguka, zima injini, kisha kagua fyuzi na nyaya zake. Ikiwa inaendeshwa kwa mkanda, tazama kama mkanda umelegea au umepasuka. Usiweke mkono karibu na feni ya umeme injini ikiwa moto, kwani katika magari mengine huweza kuanza kuzunguka hata baada ya injini kuzimwa.

Lakini gari likichemka unapopanda kuelekea Mazeras na Mariakani, huenda maji hayazunguki vya kutosha. Washukiwa ni rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au thamostati, kile kilango kinachofunguka injini ikipata joto. Thamostati ikishatolewa, itumbukize katika sufuria ya maji iliyo jikoni. Ikiwa nzima, itafunguka kabla maji hayajatokota. Sufuria hiyo isirudi kupikiwa chakula.

Wako mafundi wanaoitoa kabisa wakisema Pwani hakuna baridi. Usikubali. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na kuchakaa upesi, na katika magari mengine maji hukwepa rejeta, gari likazidi kuchemka.

Maji yanakwenda wapi?

Usiku tandika magazeti makuukuu chini ya gari. Asubuhi yatakuonyesha panapovuja: rejeta, mpira au pampu. Ikiwa maji yanapungua na magazeti ni makavu, fungua kifuniko cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au ekzosi ikitoa moshi mweupe usiokoma, gasketi ya hedi huenda imeungua. Hapo usiliendeshe tena, mwite fundi.

Somo la birika

Nyumba nyingi za bara hutegemea visima, na maji ya vingi kati ya hivyo yana chumvi. Tazama ndani ya birika la chai uone ule ukoko mweupe. Ukoko kama huo huziba vijia vyembamba vya rejeta, nayo chumvi hula chuma.

Tumia kulanti, nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na chumvi (si asidi ya betri!). Hapa kwetu maji hayagandi, lakini kulanti huzuia kutu na huchelewesha kuchemka. Iweke mbali na watoto na mifugo, kwa sababu ina ladha tamu nayo ni sumu. Maji ya kisima yawe ya dharura tu, na ukifika nyumbani uyamwage na kuisafisha rejeta.

Nasi je? Tulilisukuma gari kando, tukangoja lipoe. Kilichokuwa kimeungua ni fyuzi ya feni, na bei yake haikufika ya dafu moja. Lau tungalimwaga maji na kuendelea na safari, pengine hedi ingalipinda, na karo ya muhula ingaliishia gereji. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.